Tanga Likishaanuliwa: Namna ya Kuishi na Majonzi ya Kufiwa

Katika sehemu nyingi za Tanzania mfiwa haachwi peke yake siku za mwanzo. Kabla mwili haujatoka chumba cha maiti, vijana wa mtaa wamekwisha kufunga turubai, kina mama wamekwisha kutandika mikeka na kubandika masufuria, mtu mwenye mwandiko mzuri amekaa mezani na daftari la rambirambi, na mjumbe wa nyumba kumi anajua ni mabasi mangapi yatakwenda makaburini. Mfiwa hapiki wala hafagii, na usiku halali peke yake, kwa kuwa ndugu wamejaa sakafuni kuanzia sebuleni hadi barazani. Kisha, siku ya tatu kwa wengine na ya saba kwa wengine, tanga huanuliwa. Vyombo vya kukodi hurudishwa, ndugu wa mbali huwahi stendi alfajiri, na nyumba hunyamaza.

Majonzi yenyewe mara nyingi huanza hapo. Mimi nililitambua hilo asubuhi ya siku ya kumi baada ya kumzika baba, nilipojikuta nimemmiminia chai yake isiyo na sukari na kuiweka mahali pake mezani, na hapakuwa na mtu yeyote ndani wa kunikumbusha. Mwongozo huu ni wa kipindi hicho ambacho mila zetu hukisemea machache: majuma na miezi inayofuata, wakati ambapo watu huamini kuwa umekwisha kupoa na wewe mwenyewe unajua kuwa bado.

Mambo yatakayokupata

Ni vema kujua mapema kwamba majonzi hukaa mwilini kama yanavyokaa moyoni. Usingizi hukatika saa nane au saa tisa za usiku, chakula hukosa ladha, kifua hubana, na akili huwa nzito kiasi kwamba mtu anaweza kupitiliza kituo chake cha daladala au kuacha jiko likiwaka. Wafiwa wengi wenye akili timamu kabisa husikia komeo la geti likifunguliwa kwa namna ambayo marehemu alilifungua, au humwona mtu sokoni mwenye kisogo chake na kumfuata hatua kadhaa kabla ya kuzinduka. Usijihukumu kwa hayo. Mwili na mazoea yake huchelewa kuipokea habari ambayo masikio yalikwisha kuisikia.

Hasira nayo itakuja, na huenda ikamwelekea muuguzi wa zamu, ndugu ambaye hakuchanga, marehemu aliyekataa kwenda hospitali, hata Mwenyezi Mungu. Itakuja pia hatia yenye maneno yake yale yale: laiti ningempeleka mapema, laiti ningepokea ile simu. Na aliyemuuguza mtu kwa miaka mingi, akimgeuza kitandani usiku na mchana, anaweza kupata ahueni baada ya kifo, kisha akajichukia kwa kuipata. Ahueni hiyo haifuti upendo wake. Ni uchovu wa mwili uliotua mzigo.

Huenda umesikia kwamba majonzi yana hatua tano na kwamba mtu sharti azipande moja baada ya nyingine hadi aikubali hali yake. Hatua hizo zilielezwa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe; hazikuanzia kwa wafiwa. Wapo wanaofarijika nazo, lakini nimewaona watu wakijiona wamefeli kwa sababu hasira iliwarudia baada ya kudhani wameshaivuka. Maelezo yanayofanana zaidi na maisha yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi. Wao walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili: kuna saa anazomwelekea marehemu, akamlilia na kumkumbuka, na kuna saa anazoelekea maisha yaliyobaki, akalipa ada, akatengeneza bomba, akajifunza kazi ambazo marehemu ndiye aliyezifanya. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kustahimili. Aliyekulia pwani hatashangaa, kwa kuwa maji ya bahari nayo hujaa na kupwa, na hakuna anayedai kwamba bahari imekosea kwa kuwa ilikupwa asubuhi na kujaa jioni.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kufanya ni kuzipa pande zote mbili nafasi katika siku yako. Tenga muda wa kukaa na huzuni yako bila kukatizwa, labda nusu saa baada ya sala ya alfajiri au jioni kabla ya chakula: tazama picha, lia, soma dua, zungumza na marehemu ukitaka. Tenga pia kazi moja ya mikono ambayo lazima ikamilike siku hiyo, hata iwe ndogo kama kuosha ndoo za maji. Ukikuta umecheka kazini na kumsahau marehemu kwa saa nzima, usikimbilie kujiadhibu. Na machozi yakikujia katikati ya hesabu za duka, yaache yapite, kisha endelea kuhesabu.

Siku arobaini za kwanza

Karibu kila familia hukaa kikao baada ya mazishi ili kusoma hesabu ya michango, kuuliza madeni ya marehemu na kupanga habari za watoto. Liongezwe jambo moja katika kikao hicho: ni nani atakayebaki na mfiwa, na hadi lini. Si lazima awe mtu mmoja kwa siku zote arobaini. Shangazi anaweza kukaa majuma mawili, binamu akampokea, na jirani akawa anakuja kula naye chakula cha usiku siku za katikati. Ikiwa wewe ndiye mfiwa na kikao kimekwisha bila jambo hilo kutajwa, litaje mwenyewe. Hiyo si aibu.

Kula hata usipotaka, na ule pamoja na mtu. Uji mwepesi, supu na matunda hushuka kirahisi kuliko wali. Kama una kisukari au shinikizo la damu, weka dawa zako mahali unapoziona, kwa maana wengi huacha kuzimeza wakati wa msiba na kuanguka kabla hata ya arobaini. Maumivu makali ya kifua yasichukuliwe kuwa ni uchungu wa moyo tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa unaodhoofisha moyo ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa kama wa kufiwa, kwa hiyo mwenye maumivu hayo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Pombe inayonywewa ili upate usingizi hukuamsha usiku wa manane ukiwa na huzuni zaidi, na vidonge vya usingizi visinunuliwe duka la dawa bila kuandikiwa na daktari.

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtu anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Anayefanya kazi Dar es Salaam na kuzika Kagera humaliza nusu ya siku hizo barabarani. Usisite kuomba sehemu ya likizo yako ya mwaka, na utakaporejea mwombe msimamizi wako, kwa maneno ya wazi, asikupangie kazi za hesabu nyeti au za kuendesha mashine katika juma la kwanza.

Kulia, kutaja jina na kucheka

Neno wanaloambiwa wafiwa kuliko mengine yote ni “jikaze”. Huambiwa zaidi wanaume, na huambiwa hata mvulana wa miaka kumi aliyesimama kando ya kaburi la mama yake. Wasemao hivyo wana nia njema, lakini neno hilo humfundisha mtu kuficha jambo ambalo litatafuta pa kutokea, na kwa wanaume wengi hutokea katika chupa au katika ukali kwa watoto. Kama huwezi kulia mbele za watu, tafuta mtu mmoja wa kukaa naye na umsimulie siku za mwisho za marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, hata mara tatu. Mtaje kwa jina lake. Watu hukwepa jina la marehemu wakidhani wanakulinda, na wewe ukilitaja kwanza, nao watapata ujasiri wa kulitaja.

Ibada zina nafasi kubwa hapa. Hitima, misa ya kumwombea marehemu, kisomo cha Yasini, na mikutano ya kila juma ya jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, yote humpa mfiwa mahali pa kwenda na watu wa kumngoja. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, au hadi kujifungua ikiwa ni mjamzito. Wapo wanaoiona kuwa kifungo, lakini wajane kadhaa wameniambia kwamba ilikuwa faraja kupewa muda unaojulikana, ambao ndani yake hakuna aliyewadai uchangamfu. Eda haimzuii mjane kwenda kutibiwa, na anayemwambia vinginevyo amuulize mwenye elimu ya dini kwanza.

Kuna jambo jingine tulilorithi ambalo ningependa lisipotee, nalo ni utani wa makabila. Mtani huja msibani akiwa amevaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akamsema kwa ubahili wake, na pengine akaingia kaburini na kudai apewe fedha kwanza ndipo shughuli iendelee. Wageni hudhani ni utovu wa adabu. Kumbe kwa dakika chache wafiwa humwona mtu wao akitembea tena, pamoja na kasoro zake, na kicheko na kilio hutoka kwa pamoja. Baada ya tanga kuanuliwa, fanyeni hivyo wenyewe nyumbani: kaeni jioni moja mkumbuke vituko vya marehemu, ukaidi wake, nyimbo alizokosea maneno. Marehemu anayesemwa kwa sifa tupu huwa mgeni kwa watoto wake baada ya muda.

Kuhusu swali la “nani kamuua”

Niseme hili kwa uzito. Kifo cha ghafla, hasa cha kijana, huacha pengo ambalo akili hutaka kulijaza kwa jina la mtu. Hapo ndipo hutokea ndugu anayefahamu mganga, na mganga naye hupiga ramli na kumtaja mke mwenza, shemeji, au bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho hayo yametiwa wekundu na moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Ramli chonganishi zimesababisha vikongwe kuuawa katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na zimevunja familia nyingi ambazo zilihitajiana kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa maelezo ya kifo hayakuridhishi, nenda hospitali alikotibiwa, ukiwa na mtu mwingine mtulivu, umwombe daktari akueleze kilichotokea; andika majibu kwenye karatasi, kwa kuwa hutayakumbuka. Anayekuambia kwamba amani yako itapatikana kwa kumjua mchawi anakuongezea msiba wa pili.

Vitu, nyaraka na simu ya marehemu

Mila nyingi hugawa nguo za marehemu siku ya kuanua tanga au ya arobaini. Ukiona ni mapema mno kwako, omba zifungwe sandukuni na zigawiwe baadaye, na kabla ya kugawa chagua kitu kimoja cha kubaki nacho: kanga, shati, bakora, tasbihi. Hakuna sababu ya kuacha vyote, wala hakuna sababu ya kufanya chumba kiwe kama alivyokiacha kwa miaka mingi huku ukiogopa kukifungua.

Nyaraka hazingoji kwa subira hiyo. Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kitatakiwa benki, kwenye mfuko wa pensheni na mahakamani; muhtasari wa kikao cha ukoo utatakiwa ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Usiende ofisi hizi peke yako, kwa kuwa kila dirisha utaulizwa marehemu alikuwa nani kwako, na kila mara utalazimika kujibu. Mjane asikubali kutia saini karatasi yoyote kuhusu nyumba au shamba katika siku za msiba, hata ikiletwa na shemeji anayempenda. Wahenga walisema kufa kufaana, na wanaofaidi kifo huja mapema.

Simu inahitaji uangalifu wa pekee. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mteja mwingine, na nimemwona dada mmoja akitetemeka baada ya kuona picha ya mtu asiyemjua kwenye namba ya mama yake. Kwa hiyo, mapema iwezekanavyo, mwombe kijana anayeelewa mambo hayo ahamishe picha, ujumbe na hasa sauti alizorekodi marehemu kwenye WhatsApp, azihifadhi mahali pawili. Huna haja ya kuzisikiliza sasa. Sauti huweza kufifia katika kumbukumbu, na ipo siku mjukuu atauliza babu alikuwa akizungumza namna gani. Fedha zilizomo katika simu hiyo ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo zisitolewe na yeyote kwa kuwa tu anaijua namba ya siri.

Watoto

Usimwambie mtoto kwamba mama amesafiri. Atangoja. Usimwambie amelala, kwa sababu ataanza kuogopa kulala, au kuogopa wewe ukilala. Mwambie mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hataumwa tena na hatarudi, kisha ongeza yale ambayo imani yenu inafundisha. Mtoto mdogo atauliza swali hilo hilo kesho na keshokutwa, na jibu liwe lile lile. Atalia, kisha baada ya dakika tano atakimbilia mpira, na watu wazima watasema hajui kitu. Anajua, anaimeza huzuni kwa vipande vidogo. Mwambie pia waziwazi kwamba hakusababisha kifo kwa ukorofi wake, kwani watoto wengi huamini hivyo kimoyomoyo. Mwalimu wa darasa aarifiwe, na kama watoto watahamishiwa kwa ndugu, wasitenganishwe isipokuwa pamekosekana kabisa njia nyingine.

Siku zinazorudi

Idi ya kwanza, Krismasi ya kwanza, Januari ya kununua sare za shule bila yule aliyezinunua, tarehe ya kifo yenyewe: hizi huumiza hata mtu aliyedhani amepoa. Zipange kabla hazijafika. Amua utakuwa wapi na nani, nani atachinja kuku au kukata keki mahali pa marehemu, na kama mtakwenda kusafisha kaburi. Aliyezikwa mbali anaweza kukumbukwa kwa kuwapa chakula watoto wa jirani au kwa sadaka msikitini au kanisani.

Wakati wa kutafuta msaada

Huzuni ya kufiwa haina tarehe ya kumalizika, lakini kwa watu walio wengi hulegea kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetambua hali ambapo majonzi hubaki makali kwa zaidi ya miezi 6, yakipita kiasi cha kawaida katika mila na dini ya mhusika, hadi kumzuia kufanya kazi, kutunza watoto au kuishi na watu. Ukijiona hivyo, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa na useme wazi kwamba umefiwa, lini, na kwamba huwezi kuendelea. Omba kuonana na wanaohudumia afya ya akili au kutoa ushauri nasaha. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina idara ya kazi hiyo, na Mirembe iliyoko Dodoma imehudumia Watanzania kwa miongo mingi. Kwenda huko si kuwa kichaa, na hakupunguzi imani ya mtu.

Lakini kama unawaza kumfuata marehemu, kama umefikiria namna ya kufanya hivyo, usingoje miezi 6 wala usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akae nawe, na mwende pamoja hospitali iliyo jirani usiku huo huo. Ndugu akisikia maneno kama hayo asiyachukulie kuwa ni ya uchungu tu. Aondoe sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge nyumbani, na asimwache mfiwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani.

Kwa wanaomtembelea mfiwa

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo usimwambie mfiwa kwamba unajua anavyojisikia, wala kwamba atapata mtoto mwingine, wala kwamba wengine wamefiwa na wawili. “Pole” inatosha, na pwani “makiwa” inatosha. Usimwachie pia neno la “ukihitaji chochote niambie”, kwa maana aliyeishiwa nguvu hawezi kuanza kuomba. Mwambie: Jumamosi nitakuja kufua, au, Jumatatu nitawapeleka watoto shule. Kama ulishindwa kufika mazikoni na sasa unaona haya, bado hujachelewa. Njoo juma la saba, wakati hakuna anayekuja tena, na samaki ambao umekwisha kuwakaanga. Kaa mkekani, mtaje marehemu kwa jina lake, simulia jambo moja alilowahi kukutendea, kisha nyamaza umwache mwenye nyumba aendelee.